Saini ya Saba

"Kwa hiyo ilijifuta yenyewe."

"Sijasema imejifuta. Nimesema sijaifuta."

"Sasa iko wapi?"

"Punguza sauti, Optatus. Mama Stamili yuko hapo uani anachambua mboga. Kesho soko zima la Mkuti litajua."

"Lijue. Iko wapi saini ya baba?"

Sikupunguza sauti. Gitaa lilikuwa limelala chali kitandani kwa baba mdogo, linang'aa mpaka naliona dirisha lote ndani yake, na nondo zake. Saini zimetulia chini ya vanishi mpya kama samaki chini ya maji. Nilizihesabu mara tatu. Sita. Zinatakiwa saba.

Ngoja niseme hili gitaa ni gitaa gani, maana bila hivyo mtaniona mtoto wa kelele. Ni gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Marehemu baba yangu, Alfredi, alilipiga miaka na miaka kwenye Ukingo Bendi, kule kwetu Newala. Walikuwa saba, na baba mdogo Petro akiwemo, yeye alikuwa mtu wa besi. Siku bendi inavunjika walichukua makapeni nyeusi wakasaini wote juu ya ubao wa mbele, kuzunguka lile tundu. Mmoja kachora na ndege. Baba alisaini wa mwisho, chini ya tundu, "Alfredi", A yake imekaa kama hema na mkia wa herufi ya mwisho unarudi nyuma kulipigia jina zima mstari.

Baba hakuwa mtu wa kuandika. Hakuacha barua, hakuacha daftari. Mwandiko wake wote uliobaki duniani ulikuwa hapo, chini ya tundu la gitaa.

Sasa Jumamosi ndo kumbukumbu yake, mwaka wa tano. Misa asubuhi, halafu chakula nyumbani, halafu gitaa litazunguka, wale wazee wa bendi waliobaki walishike, na mi nipige nyimbo mbili. Mama ndo akawaza. Mikono yote hiyo, jasho, mafuta ya pilau, saini zitabaki? Makapeni juu ya kitu kinachong'aa haina pa kushika. Inakaa juu juu tu, ukipitisha dole lenye jasho inaondoka nalo. Akampa baba mdogo gitaa aje nalo Masasi, atafute fundi wa kulipulizia vanishi isiyo na rangi, saini zikae chini, mikono ipite juu.

Mi mwenyewe nakaa hapa Masasi kwa baba mdogo tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke. Matokeo yenyewe tuyaache.

"Baba mdogo, saini sita zimepona, moja tu imepotea, na hiyo moja ni ya baba. We ungekuwa mimi ungefikiria nini?"

"Ningefikiria kwamba mkubwa wangu ana akili."

"Saini yako mbona iko poa? Tena sasa ndo ya kwanza kuonekana."

Akanitazama. Alikuwa ameshika bisibisi, maana kazi yake ni kutengeneza redio na spika, na siku hiyo alikuwa anasubiriwa Lisekese kwenye spika za kanisa.

"Ntoto wewe," akasema. Baba mdogo akikasirika ile m inamkimbia, Kimakonde kinatoka chenyewe, na hapo ujue kafika mwisho. "Ntoto wewe, yapo mambo huambiwi kwa sababu mdomo wako hauna kufuli. Ngoja Jumamosi."

"Jumamosi kutatokea nini? Itaota?"

"Hilo gitaa lisiguswe. Hata kwa ukucha." Akatupia bisibisi zake kwenye mkoba akatoka.

Nikabaki na gitaa, nikawaza. Moja, baba mdogo siku zote akiwa na wenzake anasema lile gitaa alilinunua yeye Mueda, huko Msumbiji, na kwamba kaka yake aliliazima tu wala hakulirudisha. Anasema anacheka, lakini anasema. Mbili, gitaa lilitoka kwa fundi Jumatatu. Baba mdogo akaliweka juu ya kabati siku mbili, limefunikwa shuka, nikiuliza ananiambia halijakauka. Leo Jumatano nimelishusha mwenyewe ndo nimeona. Asingeniambia. Ningeshtukia Jumamosi mbele ya watu, jina la baba halipo, jina la Petro linameremeta, na nani angebisha kwamba gitaa si la Petro?

Nikavaa ndala nikaenda kwa fundi.

Fundi Elineema ni mtu wa Same, kaja huku miaka mingi, anatengeneza vitanda na makochi. Karakana yake iko njiani kwenda stendi. Nilimkuta anapanga mbao.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. We si mtoto wa Petro wewe?"

"Wa kaka yake."

"Aa," akasema, na ile "aa" ikakaa hewani muda mrefu kidogo. "Kaa hapo kwenye benchi. Gitaa limekauka?"

"Linaonekana limekauka."

"Kuonekana kitu kingine. Juu linakauka siku hiyo hiyo, chini bado bichi. Nimemwambia Petro alipe muda mpaka Ijumaa, kisiguse kitu juu yake. Ile kazi nimeifanya kwa roho. Sikutumia brashi. Brashi ingeburuta wino wote, ingebaki tope. Nimepuliza kwa mbali, ukungu ukungu tu, unapuliza unaenda kunywa chai unarudi. Ukipuliza nyingi kwa mkupuo nao wino unayeyuka. Na nimefunga mlango wote huu, maana msimu huu watu wanapulizia mikorosho dawa ya salfa, na upepo unaleta vumbi lake mpaka huku."

Alikuwa anaongea sana. Mtu akiongea sana kuhusu kitu ambacho hujamuuliza, mi huwa naweka alama.

"Saini moja haipo," nikasema. "Ile ya chini ya tundu."

Akachukua randa akaanza kuranda ubao ambao ulishakuwa laini.

"Ile mi nilimwambia Petro aitoe," akasema bila kuniangalia. "Nikamwambia siwezi kupuliza juu ya ile, itaniharibia kazi. Akaitoa mwenyewe, hapo hapo ulipokaa wewe."

Nikasimama.

"Aliitoa yeye?"

"Yeye."

"Na nini?"

"Na ukucha. Taratibu. Alitumia kama saa nzima." Randa ikasimama. "Dogo, nimeshaongea sana. Petro alinikataza nisitie neno. Muulize mwenyewe, nyie ni damu moja, mi ni fundi tu."

Saa nzima. Na ukucha. Nilimuona kabisa baba mdogo kainama juu ya gitaa, anakwangua jina la kaka yake herufi moja moja, A, l, f. Hata sikuaga.

Nilipofika njiani nikampigia mama.

"Mama, shikamoo. Baba mdogo kaitoa saini ya baba."

"Unasemaje?"

"Kaitoa na ukucha. Fundi kaniambia, kashuhudia."

Mama akasema, "Niachie mimi," simu ikakata.

Nikarudi chumbani. Baba mdogo hajarudi. Nikasema sasa nikague, maana mtu aliyefanya hilo atakuwa amefanya na lingine. Nikafungua kabati lake. Mashati, nyaya, redio zilizokufa, shati la bendi la rangi ya machungwa kalikunja vizuri. Chini ya shati kuna kaseti ya Ukingo Bendi, ile ya zamani, kwenye kasha lake la plastiki. Na juu ya kasha, hapo penye plastiki laini, kimebandikwa kipande cha solotepu.

Solotepu yenyewe imeshakuwa ya njano. Kona zake nne zimekatwa mviringo kwa mkasi, mtu kajipa kazi kabisa. Na ndani yake yuko Alfredi. Mzima mzima, A kama hema, mkia unarudi nyuma.

Nilikaa chini sakafuni. Nikasema, kumbe. Hakuikwangua, kaihamisha. Anaibandua kwa baba, halafu siku moja ataibandika kwenye lile gitaa lake la umeme lililoning'inia ukutani, awe anawaambia watu, ona, kaka mwenyewe alinisainia. Yaani mtu anaiba mpaka jina la marehemu, tena analiweka kwenye kabati pamoja na nyaya.

Nikachukua kasha nikatia mfukoni. Gitaa nikalizungushia shuka. Nikaenda stendi nikapanda gari la Newala.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitaingia, nitaweka gitaa mezani, nitaweka kasha juu yake, nitasema, Mama, mwizi wako huyu hapa. Mpaka tunamaliza kupanda mlima na ule ubaridi wa Newala unaingia dirishani, nilikuwa nimeshairekebisha ile sentensi mara kumi.

Sasa kwa mama. Mama yangu, kama hamumjui, anaitwa Anjelina, na hakuna kitu kipya kilichowahi kuguswa nyumbani kwake. Makochi yamekaa na nailoni yake ya dukani tangu nikiwa darasa la pili, ukikaa yanalia. Rimoti iko ndani ya nailoni, imefungwa na mpira, tunabonyeza kwa kukisia. Hata lile gitaa, tangu baba afariki, lilikaa chumbani kwake ndani ya nailoni nzito ya godoro. Mi nilikuwa shule ya bweni, nikirudi likizo nalichungulia hivyo hivyo, saini naziona kwa mbali kama kitu kilicho nyuma ya kioo cha mvua. Anasema ni vumbi. Vumbi jekundu la Newala linaingia hata kwenye yai.

Nilimkuta kasimama katikati ya sebule, kajifunga khanga kiunoni kama mtu anayetaka kulima.

"Nimeshampigia," akasema kabla sijamaliza shikamoo. "Nimemwambia Jumamosi asije. Si misani, si hapa nyumbani. Asikanyage."

"Kasemaje?"

"Kasema sawa, shemeji."

"Basi?"

"Basi. Sawa, shemeji. Akakata."

Hiyo haikuniingia akilini. Baba mdogo ni mtu anayebishana na mtangazaji wa redio. Akinunua nyanya anabishana na nyanya. Leo anazuiwa kumbukumbu ya kaka yake wa tumbo moja, halafu anasema sawa?

"Hakujitetea hata kidogo?"

"Atajitetea na nini?" Mama akakaa, kochi likalia. "Na mi nilijua. Siku ile nampa gitaa roho ilikuwa inanikataa. Tena mi nilishajihami mapema, sijui kaifikiaje. Labda alichana na wembe."

"Alichana nini?"

"Solotepu yangu."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika kasha la kaseti.

"Solotepu gani, Mama?"

"Si niliibandikia solotepu, mwaka ule ule wa msiba. Hao sita wengine watajuana na watoto wao, mi nilimbandikia mume wangu. Nikapima na rula yako ya shule. Nikakata na kona ziwe mviringo zisije zikanyanyuka. Kama zile." Akanionyesha ukutani kwa kidevu.

Nikageuka. Cheti changu cha ubatizo kiko pale tangu nizaliwe. Pembeni yake kuna cheti cha ndoa yao na kadi ya baba ya ushirika wa wakulima. Vyote vimefunikwa solotepu kutoka juu mpaka chini, vimekuwa vya njano, na kila solotepu ina kona za mviringo. Nimekua naviona kila siku, na sikuwahi kuviona.

Ile mi nilimwambia Petro aitoe. Akaitoa mwenyewe.

Fundi hakutaja saini hata mara moja. Alisema "ile". Alisema "aitoe". Ni solotepu aliyosema itoke, kwa sababu huwezi kupuliza vanishi juu ya solotepu. Na baba mdogo akakaa kwenye lile benchi saa nzima na ukucha, taratibu, anaomba Mungu, na solotepu ya miaka mitano ikanyanyuka na wino wote mgongoni. Ile saini niliitia mimi mwenyewe kwenye sentensi ya fundi. Halafu nikampigia mama.

Na baba mdogo akanyamaza. Kwangu, kwa sababu ya mdomo wangu. Kwa mama, kwa sababu angelazimika kumwambia, shemeji, aliyemfuta Alfredi ni wewe. Akaona bora asije kabisa. Kaibandika kwenye kasha la plastiki ili wino usiharibike, anasubiri Ijumaa vanishi ikauke mpaka chini, airudishe. Ngoja Jumamosi, alisema.

"Mbona umekuwa hivyo?" mama akauliza.

"Uchovu wa gari."

"Lifungue hilo gitaa nilione, nilie mara moja yaishe." Akanyanyuka. "Ngoja kwanza nikanawe mikono, nilikuwa nashika mafuta."

Akatoka uani. Nikasikia anamimina maji ya dumu kwenye beseni. Nikalifungua shuka haraka, nikatoa kasha, nikaanza kunyanyua kona ya solotepu na ukucha. Taratibu. Ilinyanyuka na Alfredi mzima, hakubaki hata nukta. Nikaishika kwa kingo nikaishusha chini ya tundu, pale palipo wazi, na ilipogusa tu vanishi ikanasa. Ikakaa upande kidogo. Nilitaka kuirekebisha, nikakumbuka maneno ya fundi, juu kavu, chini bichi. Ningeivuta tena ingekuja na vanishi. Nikaibonyeza tu na pindo la shati.

Maji yakanyamaza. Mama akaingia anajifuta mikono na khanga.

Akalitazama gitaa. Nikaanza kuhesabu saini tena, mwenyewe, kimya kimya. Saba.

"Ipo," akasema.

"Ipo, Mama."

"Si umesema kaitoa."

"Niliangalia vibaya. Linang'aa sana, sikuona vizuri."

"Na fundi naye aliangalia vibaya?"

"Fundi sikumwelewa."

Akainama. Akapitisha kidole pembeni ya solotepu, hakuigusa saini, pembeni tu.

"Solotepu yangu hii."

"Ndiyo."

"Mi niliiweka imenyooka. Nilitumia rula."

Akainamisha uso zaidi, akaligeuza gitaa kidogo lipate mwanga wa mlangoni, akafumba jicho moja kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Vanishi mpya iko chini ya solotepu," akasema. "Haiko juu. Huyo fundi alipuliziaje chini ya solotepu, Optatus?"

Nikaangalia makochi. Nikaangalia rimoti. Mama akanitazama vile anavyonitazamaga nikirudi na sare iliyochanika, anasubiri jibu la pili, kwa sababu la kwanza huwa halihesabiwi.

Akaniacha. Akaenda mpaka ukutani, akasimama mbele ya cheti cha ndoa. Akaweka ukucha kwenye kona ya solotepu, kwenye ule mviringo. Akanyanyua kidogo sana, labda upana wa uzi. Akatazama chini yake kama wino umebaki kwenye karatasi. Akairudisha, akaikandamiza na kidole gumba, akabaki kaikandamiza hivyo hivyo.

"Alisema sawa, shemeji," akasema, mgongo kanipa. "Nilimtukana, Optatus. Nilimwambia maneno ambayo sikumwambia mtu tangu nizaliwe."

"Ni mimi niliyekupigia."

"Najua nani alinipigia." Akageuka. Macho yalikuwa makavu. "Mpigie. Mwambie Jumamosi aje mapema, kabla ya padri. Aje na lile shati la bendi. Yeye ndo atakayelishika gitaa wa kwanza."

"Na hii?"

"Hiyo inabaki upande hivyo hivyo. Hakuna wa kuigusa, hata mimi."

"Akiniuliza nimekwambia nini?"

"Hujaniambia kitu. Umeniambia kitu wewe?"

"Hapana."

"Haya. Toka nje ukapige, humu ndani mtandao haushiki." Alikuwa ameshaanza kutafuta nailoni kwenye kabati, akaona gitaa bichi, akaiacha, akabaki ameshika mikono yake mwenyewe. "Na ukitoka funga mlango, vumbi lisiingie, halijakauka."

Nikachukua simu. Jina la baba mdogo lilikuwa la kwanza kabisa, simu tatu ambazo sikuzipokea nikiwa kwenye gari. Nikatoka kwenye upepo, nikaufunga mlango taratibu mpaka kitasa kikalia.